Sifuri ya Bondeni

Inatangazwa kwa umma wote, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba mwaka wa 1956 Sayansi iliteremka Dagoretti ikiwa na landrova moja, kreti kumi za chupa tupu, na mtu mmoja aitwaye Muthama wa Makau. Tangazo linazidi kueleza kwamba Muthama huyu alikuwa, kwa wakati mmoja na ndani ya kaptura moja, Idara ya Mazingira, Idara ya Uhandisi, Idara ya Historia ya Mahali na Idara ya Afya ya Jamii. Umma unaombwa usimame.

Haya, kaeni. Mazingira maana yake alibeba kreti. Uhandisi maana yake alishika mti wa kupimia, mrefu, mwekundu na mweupe, huku Mzungu akimchungulia kwa darubini kutoka ng'ambo na kumpungia asogee kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka akazama kwenye tope hadi magotini, na vipimo vikawa sawa. Historia maana yake alitumwa kuzungumza na vikongwe. Afya ya Jamii maana yake ni fomu, na fomu ndizo zilizomponza.

Kazi yenyewe hakuiomba. Alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, karibu na stesheni ya reli, akipeleka bahasha ghorofani na kurudi na bahasha. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari, na wenyeji wa Dagoretti, Wakikuyu, hawakuaminiwa kushika fimbo ya kuchungia mbuzi, sembuse fimbo yenye namba. Muthama alikuwa Mkamba wa Machakos, wa darasa la nne, na kipande chake cha utambulisho kilikuwa safi. Basi akawa mtafiti.

Mzungu wake alikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyejisumbua nalo. Watu walimwona akichota maji ya kila dimbwi, akiyatazama juani kama mtu anayetafuta shilingi iliyozama, wakamwita Bwana Chupa. Hakuwa mtu mbaya. Ni hilo tu, aliamini kwamba jambo likiandikwa kwenye fomu limekwisha kutokea, na lisipoandikwa halikutokea.

Serikali ilikuwa na bomba moja. Lingetoka kwenye bomba kuu la Ngong Road na kufika mahali pamoja kati ya pawili: Bondeni, kule chini ya Dagoretti Corner walikopanga vibarua na maseremala, au kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya majumba ya Lavington. Kanuni ilikuwa fupi na hata adui wa serikali angeisifu: bomba liende palipokufa watoto wengi zaidi kwa miaka mitano iliyopita.

Muthama aliishi Bondeni. Alikuwa amezika wawili pale. Aliyebaki aliitwa Annah, wa miaka mitatu, na tangu mvua zianze alikuwa akihara kila wiki mbili, akipungua kama sabuni. Hesabu yake Muthama haikuhitaji darubini: bomba likija, Annah ana nafasi. Lisipokuja, kisima ni kile kile.

Na kisima hicho alikwisha kukifahamu. Alipotumwa kukusanya historia, alimwendea Cucu Wangeci wa Waithaka, bibi mwenye jino moja na kumbukumbu ya watu kumi. Wangeci alimwonyesha kwa mkongojo.

"Hapo mnapochota," akamwambia, "askari wa vita vya Mtaliano walikunya miaka mitatu. Walipoondoka wakafukia. Nyinyi mkaja mkachimba kisima hatua ishirini kutoka hapo, mkashukuru Mungu maji hayako mbali."

Muthama akalichukua neno hilo mbio mbio kwa Bwana Chupa. Bwana Chupa alifurahi sana, akaliandika chini ya kichwa "Masimulizi ya Wenyeji", kurasa za nyuma kabisa, baada ya orodha ya ndege.

Ndipo zikaja fomu. Nyumba arobaini na moja, mlango kwa mlango, na swali la saba liliuliza: waliokufa ni wangapi?

Ngoja tuelewane. Bondeni walikaa Wakamba, Waluo, Waluhya na Wakikuyu wachache wenye pasi, watu wasiopatana hata juu ya ugali uwe mgumu kiasi gani. Lakini hapa walikuwa kanisa moja. Mtoto hahesabiwi kwa mdomo. Hata mbuzi huhesabiwa kwa jicho, kimya kimya. Na aliyekwisha kwenda ndiyo kabisa hatajwi: ukimtaja amekuja mpaka mlangoni, na ataondokaje peke yake?

Philister, mama wa jirani aliyetoka pande za Kisumu, alimpokea Muthama akiwa ameshika mwiko.

"Shemeji, siku hizi unahesabu watu wangu kama kuku? Umetumwa na mwewe?"

Muthama akasema ni kazi. Philister akamwambia wanaokula pale ni watano, aandike hao, na wasiokula hawamhusu Mzungu. Mwezi wa nne Muthama mwenyewe alikuwa amesaidia kubeba kisanduku cha sabuni kutoka nyumba hiyo, na kilichokuwa ndani hakikuwa sabuni. Aliangalia mwiko, akaangalia fomu. Maagizo yalisema: andika unachoambiwa. Akaandika sifuri.

Nyumba ya arobaini na moja ilikuwa yake.

Kavata, mkewe, alikuwa akikoroga uji. Annah alikuwa amelala kwenye gunia karibu na moto, midomo imekauka. Muthama aliketi kwenye kigoda akatoa kalamu, kwa sababu fomu ilitaka kila nyumba.

"Mama Annah. Waliokufa?"

Kavata aliacha kukoroga. "Unaniuliza wewe?"

"Fomu inauliza."

Mama yule akamtazama mtoto kwenye gunia, kisha akarudi kwenye uji wake. "Basi iambie fomu hakuna."

Na Muthama, Idara nne kwa jumla, aliyeshika mti mwekundu na mweupe mbele ya macho ya serikali, akaogopa kwamba kalamu ikiandika wawili itamkumbuka wa tatu. Akaandika sifuri. Tena aliiandika vizuri, ya mviringo.

Huko Lavington kazi ilikwenda kama siagi. Bwana Chupa hakuwasumbua watumishi. Aliwauliza mamemsahibu, mabibi wa Kizungu wenye majumba, barazani, kwa chai. Na memsahibu hana mwiko na watoto wa mpishi wake. Memsahibu wa mbwa wanne alihesabu kwa vidole akisikitika: mpishi wake Isaiah alikuwa amefiwa na wawili, kwa kuwa mara mbili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na mtunza bustani watatu, au wanne, huyo aliomba ruhusa mno. Kwamba watoto hao walifia Maragoli na Kitui, na hawakuwahi kuonja hata tone la maji ya Lavington, fomu haikuuliza.

Matokeo yalisomwa Dagoretti Corner, mbele ya duka, siku ya Jumamosi. Lavington: kumi na tisa. Bondeni: sifuri. Bwana Chupa aliwapongeza watu wa Bondeni kwa usafi wao, akawataka waendelee hivyo hivyo. Mwanamume mmoja nyuma alipiga makofi kwa mazoea.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya Ngong, Kavata alitoka akasimama mlangoni, Annah mgongoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kula:

"Mwololo. Kavuli. Andika, Baba Annah."

Kisha Philister akatoka na majina yake mawili. Kisha mlango mwingine, na mwingine. Mama mmoja hakuwa hata na jina la kutaja, maana wake alikwenda kabla ya kupewa, akasema tu, "Wa mwezi wa pili." Muthama aliandika akiwa amesimama, karatasi kaiegemeza ukutani, mpaka giza lilipokaribia. Thelathini na wawili.

Jumatatu aliupeleka mjini, ule ukurasa. Bwana Chupa aliusoma wote, pole pole, akavua miwani.

"Muthama. Juzi wewe nasema hakuna. Leo wewe nasema iko salasini na bili. Hawa yote nakufa Jumapili?"

Muthama akajieleza: desturi, woga, moto, uji. Bwana Chupa alisikiliza hadi mwisho, na ndilo jambo baya zaidi, kwamba alielewa. Akasema hesabu zimekwisha kwenda kwa wakubwa. Akasema hesabu inayobadilika baada ya matokeo inanuka. Lakini habari ile ya desturi ilikuwa nzuri mno, na angeitia kwenye kitabu. Akaitia kweli: kurasa za nyuma, pamoja na Wangeci na ndege.

Mwaka uliofuata mfereji wa bomba lile ulifunguliwa Lavington, ndani ya ua wa memsahibu wa mbwa wanne, penye lango na askari wa lango. Kulikuwa na utepe. Waridi zilikwisha kunyweshwa asubuhi, zilimeta. Bwana Chupa alihutubu kwa Kiingereza, kisha akageukia Kiswahili chake kwa ajili ya waliosimama nje ya utepe. Akasema Utafiti si mali ya Mzungu peke yake. Akasema mbele yao yupo mwanasayansi wa kwanza wa Bondeni, mtu wa maji, wa mitambo, wa historia na wa afya, na kwamba siku moja watoto wa watoto watalitaja jina lake. Akamwomba asogee, awaambie wageni kwa maneno machache Sayansi imemletea nini.

Muthama akasogea. Mkononi alikuwa na debe, lililosuguliwa kwa majivu hadi likang'aa, na wageni walidhani ni sehemu ya sherehe. Alikuwa ametembea nalo kutoka Bondeni tangu alfajiri, maana Annah alikuwa amehara usiku kucha na Kavata amekataa kumpa tena maji ya kisima.

Akauangalia mfereji.

"Mimi nimekuja na debe, bwana," akasema. "Likijaa nitaondoka."