Kilio cha Bwana Kofia

Evarista, ambaye wengi walimwita Mama Happy, alichuma chai miaka ishirini na sita kwenye shamba moja kongwe la Mufindi, upande wa Igowole, mpaka magoti yakagoma. Shamba lilipoanza kupokea watalii, meneja wa nyumba ya wageni, kijana nadhifu aitwaye Clement, akampa kazi ya kuwatembeza. Nani mwingine alijua njia zote za msituni, na miti ambako mbega huota jua asubuhi?

Tatizo lilikuwa kilima. Katikati ya mpando kulikuwa na jiwe pana, na siku moja, akiwa na watalii wa Dar es Salaam wenye miguu myepesi kama swala, Evarista aliishiwa pumzi. Akaketi juu ya jiwe, akasema kwa huzuni, "Hapa ndipo Bwana Kofia, mzungu aliyeanzisha shamba hili, alipokuwa akija kila jioni kumlilia mkewe aliyekataa kumfuata Afrika."

Hakuna aliyewahi kumsikia Bwana Kofia akilia. Lakini watalii walinyamaza robo saa nzima, na Evarista akapumzika vizuri kabisa. Tangu hapo kila kundi likawa linasimama pale. Hadithi nayo ikanenepa: akaongeza barua, kisha leso, kisha mbwa aliyekuwa akilia pamoja na bwana wake. Clement aliposikia wageni wanavyoisifu, akasimika kibao: JIWE LA MACHOZI.

Mwezi wa Juni akaja mama wa kizungu wa miaka sabini na ushee, fimbo mkononi.

"Kamwene!" akasalimia kwa Kihehe. "Mimi Ruth. Bwana Kofia alikuwa babu yangu. Nimezaliwa hapa hapa."

Evarista akageukia upande wa bwawa, mbali na kilima.

"Mama, leo tuanze na mtumbwi bwawani," akajaribu.

"Hapana, Mama Happy," Clement akadakia. "Mpeleke kwanza kwenye jiwe! Nitawafuata nije kupiga picha."

Wakavuka daraja, wakapanda. Ruth akakisoma kibao, kisha Evarista akamweleza hadithi kwa sauti ndogo, bila mbwa.

"Kumlilia bibi?" Ruth akashangaa. "Bibi alikuja naye meli moja, akamzalia watoto watano. Waliokuwa wakilia hapa ni wafanyakazi."

Evarista akaona bora aseme. "Nisamehe, mama. Si babu yako. Ni magoti yangu."

Ruth akamkodolea macho, halafu akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Sogea basi, dada. Ya kwangu yalikwisha tangu kule darajani, nikaona aibu kusema."

Wakakaa bega kwa bega, Ruth akimnong'oneza kwamba babu alikuja huku kweli, kuvuta tumbaku yake kwa siri, bibi asimwone. Clement akatokea akihema.

"Mama, habari zetu ni sahihi?"

Ruth akajifuta machozi ya kicheko. "Sahihi, ila mmepunguza. Alilia na asubuhi pia. Na aliacha wosia: kila mgeni apumzike hapa nusu saa. Sasa mbona hakuna benchi? Na chupa ya chai?"

Clement akaandika yote kwenye simu yake.

Benchi lilifika wiki iliyofuata, la mbao za msindano, lenye egemeo. Jumamosi Evarista akaenda kuungama kanisani. Alitaja uongo mmoja tu. Ule wa wosia, alimwambia padri, amuulize Mama Ruth.