Pua ya Eulalia

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya mji wa Tecomán, Mexico, Eulalia Verduzco anasukumia magunzi ya mahindi kwenye mashine ya kusaga. Vumbi limemjaa kwenye kope. Tangi la chuma lililo ndani ya banda haruhusiwi tena kuliendesha.

Kwa miaka kumi na moja tangi hilo lilikuwa lake. Ushirika wao hupika magunzi kwa maji ya ndimu zilizokataliwa sokoni. Ukali wa ndimu na joto la mvuke huyafanya magunzi yatoe furfurali, mafuta ya njano yanayonukia lozi. Wanunuzi huyatengenezea gundi ya kalibu za kumiminia chuma. Mvuke wake ukivuja huchoma macho na mapafu. Kinga ya kwanza ni pua.

Pua ya Eulalia, mwenye miaka 52, ilikufa miaka miwili iliyopita; hainusi tena harufu yoyote. Hakumwambia mtu. Mwendesha tangi hulipwa peso 2,900 kwa wiki, msagaji, 1,700.

"Nilijiambia macho yanatosha," anasema.

Machi mwaka huu Herminia, mke wa kaka yake, alikuja kazini na mafua. Alisimama karibu na mfuniko akauliza, "Wifi, pua yangu imeziba. Hebu ninusie, kuko salama?"

Eulalia alivuta pumzi. "Kuko salama," akajibu.

Mpira wa kuzibia mfuniko ulikuwa umeshapasuka. Dakika chache baadaye ulifyatuka, mvuke ukampiga Herminia usoni. Jicho moja halioni tena. Akipanda ngazi tatu za mlango wake, pumzi zinamwishia.

Kwenye mkutano wa ushirika wote waliulaumu mpira. Eulalia akasimama, akasema ukweli. Kaka yake alitoka nje. Herminia, alipopelekewa habari kitandani, alirudisha jibu moja: "Angeniambia tu. Tungemwita mwingine atunusie."

Mpaka leo hajamruhusu Eulalia kuingia kwake.

Mwezi ujao Yadira, binti wa Herminia mwenye miaka 23, anachukua nafasi ya mama yake. Eulalia alimsihi asije.

"Sasa shangazi, nyumbani tule nini?" binti alimjibu, akaenda kuchagua glavu.

Kila akimaliza kusaga, Eulalia anajenga ukuta wa matofali kati ya tangi na wafanyakazi, ili valvu ya mvuke ifunguliwe mtu akiwa upande wa pili. Umefika kiunoni.

"Wifi asiponisamehe, ana haki," anasema, akikung'uta mikono. "Mimi naomba siku Yadira anaanza, ukuta uwe umempita kichwa."