Wamalwa na Mama Mkwe Wake Siku ya Mvua ya Mawe

Mume wangu Wamalwa alikuwa na heshima kupita kiasi. Kwetu Bungoma mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hawaongei ana kwa ana. Sawa. Lakini hapa Kimbo tulikuwa na chumba kimoja tu, na Novemba ya 1997 mama yangu alikuja kunisaidia kulea mtoto wa siku nane. Usiku alilala kwa jirani yetu Gathoni. Mchana alishinda kwangu, Wamalwa akiwa kiwandani Thika. Shida ilikuwa Jumapili.

Mama alikuwa ameshanionya kwamba heshima ikivunjika, anapanda basi arudi nyumbani. Mimi nilikuwa na mshono na sikuweza hata kuinua ndoo. Nilimhitaji sana.

Jumapili moja asubuhi kulikuwa na baridi, basi mama akaota moto wa jiko ndani, Wamalwa akakaa uani na koti lake. Saa nne jua likawaka.

"Maxine, mwambie mimi natoka," mama akasema.

Nikamwambia. Akajificha nyuma ya choo mpaka mama akatoka, kisha akaingia. Manyunyu yakaja, mama akaingia, yeye akatoka. Jua tena. Kufikia saa saba walikuwa wamebadilishana mara tano, na Gathoni alikuwa ameleta kiti atazame vizuri.

Saa tisa ikaja mvua ya mawe, na upepo ukainua boriti juu ya kitanda pamoja na mabati yake. Wamalwa akaingia kinyumenyume na kamba ya nguo, akairusha juu ya boriti, akavuta upande mmoja ili isipeperuke. Upande wa pili ukaning'inia juu bila mtu.

Mama akapanda kitandani na viatu vyake, akaudaka.

"Wamalwa, vuta! Mtoto analowa."

Miaka sita ya ndoa, mama hakuwahi kumtaja jina. Walivuta nusu saa nzima, wamepeana mgongo, nami nimekaa chini yao na mtoto, nalia.

Jua lilirudi saa kumi. Wamalwa akafunga boriti, akatoka bila kugeuka, akaenda nyuma ya choo. Mama alikuwa anapanguza viatu. Nikajikaza, nikamwuliza atapanda basi la saa ngapi.

"Basi la nini? Mwambie mumeo hiyo kamba ni fupi. Anunue ndefu. Mimi niko hapa mpaka Krismasi."

Nikaenda nyuma ya choo, nikamwambia. Akauliza ndefu kiasi gani, nikarudi kumwuliza mama.