Punje Inayoandika Ukutani

Bega la kulia la mama huyu lilikuwa limeshuka kama mlango uliong'oka bawaba. Ndiyo maana wenzake walimwita Bega, naye akaitika, kwani ni kazi iliyolishusha, na jina la kazi si tusi. Tangu usichana wake aligeuza shayiri kwenye kiwanda cha wiski. Inaloweshwa, inamwagwa sakafuni, inaanza kuota, inageuzwa kwa beleshi la mbao asubuhi na jioni. Ukizembea inajipasha moto yenyewe, mizizi inashikana, na hapo huna kimea cha kupikia wiski, una mkeka!

Na mkeka ndio alioutoa safari iliyopita. Bega lilimgomea, kona ya mbali hakuifikia, shayiri ikaoza. Msimamizi, mdogo wa marehemu mumewe, akamtia mkononi sindano ya kushonea magunia.

"Shemeji, sakafu tumpe mwingine. Kaa chini ushone. Unataka ufie humu?"

"Thubutu! Nipe mara hii moja tu. Shayiri ikishikana, nitashona magunia mpaka nizeeke."

"Umeshazeeka."

"Nawe umeshanenepa. Nipe."

Akapewa. Jamani, asikudanganye mtu, kazi ile haibembelezwi. Siku ya kwanza bega liliwaka kabla hajafika katikati. Akalia, tena kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Aliipenda sakafu hii kuliko alivyowahi kumwambia yeyote: joto lake nyayoni, na ile harufu ya tango bichi shayiri inapoanza kuota. Aiache akashone magunia? Ng'o!

Akahamishia beleshi mkono wa kushoto. Lo! Mkono ule ulikuwa mjinga kupindukia. Ulirusha punje ukutani, ukammwagia nyingine miguuni. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akarudi jioni, akarudi na kesho yake, akiusema njia nzima: "Hivyo hivyo, mpumbavu wangu, twende." Na kila mara alianza na kona ya mbali, isije ikamkuta hana pumzi.

Ikafika siku ya kupeleka kimea tanurini kikaushwe. Hapo hakuna ubishi: punje iliyoiva, ndani yake huwa kama chaki, ipasue, isugue ukutani, itaandika. Ukuta ulijaa mistari ya Bega ya zamani, yote imelalia upande mmoja.

Msimamizi alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya mbali, akazamisha mkono kutafuta mizizi iliyoshikana. Punje zikamchuruzika vidoleni mojamoja. Akampa shemeji yake moja. Bega akaipasua kwa meno, akaisugua kwa mkono wa kushoto. Mstari ukatoka mweupe, mnene, umelalia upande wa pili.

"Yote umegeuza kwa kushoto?"

"Kwani kushoto si mkono?"

Msimamizi akageukia mlangoni. "Washeni tanuri!"

Bega akachomoa ile sindano ya magunia kwenye kitambaa chake cha kichwani, akaichomeka kwenye kola ya shati la msimamizi.

"Kashone wewe, shemeji. Mwenye mabega mawili mazima ni wewe."