Askari Tuliyemwita Kima

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kalemie wakati nchi ikiitwa Zaire mtanishuhudia, mtoto alijua kuficha kuku kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini. Ukisikia buti njiani, unamkamata jogoo, unamfunika kwa beseni, unakalia beseni lenyewe na kuanza kuchambua sombe kana kwamba hujawahi kupenda kitu duniani kuliko majani ya muhogo. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mara moja jogoo alinidonoa kupitia tundu la beseni bovu, nikabaki natabasamu na machozi yananilenga, na yule askari akanisifu kwa Mama kwamba nina adabu.

Shuleni tulifundishwa mengine. Asubuhi tulijipanga mistari mbele ya bendera ya kijani, umande bado uko miguuni, tukaimba mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Kisha mwalimu aliuliza, askari ni nani? Sote tulijibu kwa sauti moja kwamba askari ni mlinzi wa taifa na rafiki wa raia. Aliyekosea neno alichapwa viganjani. Siku moja buti zilipita karibu na dirisha tukiwa katikati ya jibu hilo. Mwalimu alitoka mbio, akaingiza baiskeli yake darasani, akaiegemeza ubaoni na kutuambia tuendelee.

Nyumbani Papa, baba yangu, alikuwa na somo lake fupi. Alifanya kazi kwenye reli, alikuwa amezunguka mpaka mbali, na Kilingala cha askari alikisikia vizuri. Alipenda kurudia ule msemo uliojulikana nchi nzima, kwamba raia ni shamba la askari. Tulikuwa tukiuona kwa macho pale ufukoni. Askari waliwekwa kulinda mji dhidi ya maadui waliosemekana watavuka ziwa, na kila mvuvi aliyefika alfajiri aliwaachia mikebuka wanono, wale tuliowaita samaki wa ulinzi. Maadui hatukuwaona hata siku moja. Samaki tuliwaona wakienda.

Hata michezo yetu ilitoka humo. Tulicheza askari na raia, na ugomvi ulianza kwenye kugawana pande, maana hakuna aliyetaka kuwa raia. Mimi, kwa sababu ya udogo wangu, nilikuwa raia karibu kila siku. Nimepoteza mihogo ya kuchoma isiyo na idadi kwa kulindwa.

Nyumba yetu ilikuwa bondeni, hatua chache tu kutoka Mto Kalemie, ule uliotupa jina la mji. Nyuma ya nyumba ardhi ilipanda kidogo, kuna mtaro, halafu tuta la reli. Ng'ambo ya mto ndiko kulikokuwa na njia ya kwenda kambini kwa askari. Tuliishi wanne: Papa, Mama, mimi, na Nkambo, mama yake Papa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, aliyejua Kitabwa na Kiswahili tu na hakuona haja ya lugha nyingine. Na kulikuwa na cherehani ya Mama, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mshahara wa Papa ulikuja miezi mingine na miezi mingine haukuja. Cherehani ilikuja kila siku. Mama alishona sare za shule za mtaa mzima, na mimi nililala kwa mlio wake na kuamka kwa mlio wake. Ilipofika habari ya buti, kuku walikuwa wangu, cherehani ilikuwa ya Nkambo. Aliifunika kitenge, akaiegemea kama mgonjwa.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ukaanza kuleta magogo, migomba, na mara moja mlango mzima wa nyumba ya mtu. Wakubwa wakatangaza kwamba askari wanakuja kusaidia wananchi. Ningependa mngesikia ukimya ulioingia mtaani kwetu baada ya tangazo hilo. Mto ulikuwa umewatisha watu, lakini habari ya msaada ndiyo iliyowafanya waanze kufunga virago.

Askari aliyepangwa upande wetu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mkanda wake umekatika na ameishika suruali kwa mkono. Asubuhi ya kwanza alibisha mlangoni. Hakuingia, na jambo hilo lenyewe lilitutia wasiwasi. Aliomba Mama amshonee mkanda. Sindano ya cherehani isingepita ngozi ile, kwa hiyo Mama aliushona kwa mkono, kwa uzi wa bluu wa wavu wa samaki. Muda wote huo kijana aliiangalia cherehani. Kitenge kilikuwa kimeteleza.

"Mama yangu pia iko na mashini kama hii," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kwetu. Mbali."

Mama alijibu kwamba Mungu amlinde mama yake. Kijana alipoondoka, Papa alisogeza cherehani chumbani na kusema, "Ameisha kuiona. Sasa anatafuta tu njia ya kuingia."

Siku ya pili, mchana, mvua ilikuwa imepungua kidogo, tuko barazani tunasubiri bukari, ugali wetu, iive. Yule askari alitokea upande wa juu wa mto akikimbia, mikono hewani, na kwa kelele za maji tulisikia neno moja tu.

"Kima! Kima!"

Ninyi mnajua kima ni nani. Ni yule wa porini, mwenye mkia. Watoto tulichukia kwanza, halafu tukacheka. Mimi nilipanda juu ya kinu, nikajikuna makwapa, nikamjibu, "Kima weye! Kima na nduguzo!" Wenzangu wakadaka, mtaa ukaitika kima, kima, kila mtoto anaruka kama yule mnyama. Nimefanya mambo mengi ya kipumbavu maishani, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Nkambo alikasirika kweli. Alivuta kigoda, akakaa katikati ya mlango. "Nimezaa watoto saba, leo mutoto wa watu ananiita kima. Sitoki hapa."

Papa peke yake ndiye aliyeelewa. Kwa Kilingala kima ni kukimbia. Kijana alikuwa anatuambia tukimbie. Papa alimweleza Mama hivyo kwa sauti ya chini, uso wake mkavu, na Mama akauliza kwa nini basi tumesimama.

"Njo desturi yabo," alisema Papa. "Banatoa watu mu nyumba na kelele, kisha bo njo banaingia. Mwaka jana huko sokoni ilikuwa vile vile. Tukimbie, mashini abaki nayo nani?"

Tulisimama kwa muda ambao mtu angemaliza kula sahani ya ugali. Kisha tukasikia mngurumo kutoka upande wa juu wa mto, na maji yakaja kwa upana wa bonde lote. Papa alinitupa begani, akamvuta Mama mkono, tukavuka mtaro na kupanda tuta la reli. Tulipogeuka, Nkambo alikuwa bado mlangoni, maji yamemfika kiunoni, ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

Askari alikuwa amekwisha kumfikia. Alimng'oa mlangoni, akamweka mgongoni. Nkambo alimpiga ngumi za kichwa na kumng'ata sikio, damu ikashuka shingoni mwake, naye akaja hivyo hivyo mpaka kwenye tuta, akamweka chini taratibu mbele ya Papa. Hakuna aliyemshukuru. Mama, na sijui kama alijua anasema nini, alikuwa analia, "Mashini yangu, mashini yangu."

Kijana alimtazama. Akageuka, akashuka tena majini.

"Muone," alisema Papa. "Mulisema mimi ni muntu wa roho mubaya. Muone anakwenda wapi."

Kijana aliingia ndani ya nyumba yetu. Kisha ukuta wa mbele ulianguka, mvua ikarudi kwa nguvu, hatukuona tena kitu. Si nyumba, si cherehani, si askari.

Maji yalipotulia Papa alikwenda kambini kushtaki wizi. Mkubwa mmoja katika biro, ofisi yao, alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina, akasema, "Akimi." Amekimbia, amelitoroka jeshi. Papa alirudi akikaribia kufurahi. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho raia na kambi kukubaliana juu ya jambo. Mtaani wote tulimwita Kima, Kima mwizi, na sisi watoto tukamtungia wimbo wa kurukia kamba. Sare za shule zikashonwa na mwanamke mwingine. Mama alianza kuuza mandazi ufukoni, na mwaka uliofuata minerval yangu, karo ya shule, haikupatikana, nikakaa nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi, tuliitwa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa mzima. Tulipangiwa kuzibua mtaro ulio chini ya reli, uliojaa matope. Jembe la Papa liligonga chuma. Walichimbua polepole. Ilikuwa cherehani ya Mama, imeshika kutu, na imezungushiwa mkanda wa askari, umefungwa jinsi mtu anavyofunga mzigo wa kubeba mgongoni. Kwenye mkanda uzi wa bluu ulikuwa bado umekaza.

Baba mdogo mmoja alisema labda aliitupa akakimbia. Papa alimwonyesha nyumba ilikokuwa, akamwonyesha kambi iliko, ng'ambo ya mto, kisha akamwonyesha miguu yake mwenyewe, pale mtaroni, hatua kumi kutoka tutani. Chuma kizito hakisafiri. Mwizi angeibeba kuelekea kule. Huyu alikuwa anaileta kwetu.

Papa aliweka jembe chini. Sijawahi kumwona mtu akilia kwa aibu kama alivyolia yeye, mbele ya watu, katika salongo.

Jumatatu aliupeleka mkanda kambini, wabadilishe lile neno katika daftari na mama yake kijana apelekewe habari. Mkubwa aliukagua mkanda, akasema ni mali ya serikali, akauweka ndani ya droo ya meza. Daftari hakulifungua. Papa aliuliza jina la kijana, akaambiwa hilo ni siri ya ulinzi wa taifa.

Nkambo aliishi miaka minne zaidi. Siku zake za mwisho aliacha kuteta na watu, akawa anarudia neno moja, kwa yeyote aliyeingia chumbani: "Mumwambie sikujua ile luga."

Siku hizi ziwa limepanda tena na mito inavunja kingo. Wajukuu zangu wanajua Kilingala cha nyimbo kuliko Kiswahili cha bibi yao. Askari akipaza sauti wanakimbia, simu mkononi, wanajipiga picha na maji nyuma yao, kisha wanapiga picha na askari mwenyewe. Nawacheka, na nawaonea wivu. Mimi nikiona buti bado mkono wangu unatafuta beseni, na mara nyingi, mtanisamehe, mkono wangu hausemi uongo.

Cherehani iko sebuleni kwangu. Haijashona tangu siku ile. Wageni wakiuliza kwa nini natunza chuma kibovu, nawaambia ni ya askari mmoja. Wakiniuliza jina lake sina la kuwapa, maana sisi tulimwita Kima, na katika daftari la kambi, kama mchwa hawajalila, bado imeandikwa kwamba alikimbia.