Gereji Isiyolaza Gari

Idalina Furtado hakupokea simu kabla ya kufunga aproni. Ingelia hata mara kumi, naye akihangaika na kamba mgongoni, ndipo aseme, "Haya, nani?" Binti yake, Noreen, alikwisha kuzoea kungoja.

Kama wanawake wengi wenye asili ya Kireno katika bonde lile la California, alikuwa na vyumba viwili vya kupikia. Cha ndani kilimeta kwa sababu hakikupikiwa chochote. Cha kweli kilikuwa gereji, ambamo marehemu mumewe aliweka jiko la gesi na sinki mwaka 1979, pamoja na meza ndefu ya kukatia nyama ya supu za sikukuu. Tangu hapo hakuna gari lililolala humo.

Noreen alipoachika, alirudi na watoto watatu, nyumba ikawa ndogo. Mama akataka kuhamia gereji awaachie vyumba. Halmashauri ya mji ilimkatalia mara mbili: kila nyumba sharti iwe na mahali penye paa pa kuegeshea gari. Noreen akaanza kumuulizia mama makao ya wazee, mwendo wa saa nzima kutoka pale, na kila alipomaliza kuuliza alizunguka mtaa kwa gari kabla ya kuingia ndani.

Kisha jimbo likapitisha sheria: gereji ikigeuzwa makazi, mji usidai mahali pengine pa gari, na ombi lililokamilika lijibiwe ndani ya siku sitini. Noreen alijaza fomu, akamwachia mama aimalizie. Penye swali la jiko jipya, Idalina aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Sihitaji. Ninalo tangu 1979."

"Mama! Umejishtaki mwenyewe!"

"Nimesema kweli."

"Jiko lenyewe halina kibali!"

"Mtaa mzima wanayo. Hata padri amekula humo. Nani asiyejua?"

"Halmashauri, Mama. Hao ndio walikuwa hawajui."

Mkaguzi, Bwana Kessinger, alifika wiki iliyofuata. Alipiga magoti nyuma ya jiko, akakaa huko muda mrefu. Noreen alisimama mlangoni akiwaza yale makao ya wazee, mapazia yake ya rangi ya maziwa.

"Bi Furtado, umepikia bomba hili la gesi miaka yote?"

"Na hatujafa. Kaa ule."

"Siruhusiwi kula kazini."

"Basi nusa."

Kessinger akacheka, akajipangusa magoti. "Zamani ningekunyima kibali kwa ajili ya gari. Sasa jimbo limetukataza. Lakini bomba hili limeliwa na kutu, linatoka leo. Likiwekwa jipya nikalikagua, utahamia."

Idalina aliushika mkono wa jiko la mumewe, akauachia. "Litoeni hilo bomba."

Noreen aliwaza jinsi watu wa mji mkuu wa jimbo, wasiomjua mama yake hata kwa jina, walivyoandika mstari mmoja kuhusu magari, na mstari huo ukambakiza nyumbani.

Idalina aliishi humo miaka miwili na kitu. Jumapili yake ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, aliinuka mezani kwa binti yake. Noreen naye akainuka, amshike mkono wavuke ua.

"Kaa umalize kahawa yako," mama alisema. "Mimi naenda kwangu."