Duka la Kapinga Chini ya Ghorofa

Wifi yangu Kapinga alibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, akiimba. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu watu wa Kalemie wakisimulia habari ile hupenda kulaumu mashini ya kubomolea, wakubwa, bei ya shaba, na kila kitu kisichoweza kuwajibu. Mashini haikufika siku ile. Nilikuwapo. Mimi ni Émérence, dada wa mumewe Ilunga, ingawa miaka hii ya Zaire majina ya ubatizo yamekatazwa, tunayatumia ndani ya nyumba tu.

Ulikuwa mwaka uliofuata ndondi kubwa za Kinshasa. Mkurugenzi mmoja alishuka kwenye ndege na abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akafungua biro, yaani ofisi, karibu na stesheni, akaweka mezani mji mzima ndani ya sanduku la kioo. Hiyo, alisema, ndiyo Kalemie ya kesho. Majengo matatu ya ghorofa kumi na nne, maduka yamezunguka chini yake, na mbele bustani ya watu wote inayoteremka mpaka ziwani, miti yake ya sponji iliyopakwa kijani. Sisi ambao nyumba ya ghorofa mbili tuliiita ndefu, tulipanga mstari kwenda kuangalia.

Kapinga alikwenda akarudi, akaenda tena. Mbele ya duka la pembeni kulikuwa na kisanamu cha mwanamke, ukubwa wake punje ya mchele.

"Huyu njo mimi," aliniambia. "Angalia, hata kitambaa ya kichwa iko nayo."

Hakikuwa na kitambaa. Lilikuwa tone la rangi lililomponyoka fundi. Lakini nani angemwambia? Kapinga aliuza ndagala sokoni, jua likimchoma na vumbi likimtilia chumvi ya pili kwenye samaki. Kutaka duka lenye mlango na kufuli si dhambi, na simchekei kwa hilo.

Shida ni kwamba Kapinga alikuwa na sauti. Ndiye aliyeongoza wanawake wa mtaa wetu kwenye animasyo, zile ngoma za kuwapokea wakubwa, na akianzisha wimbo hata aliyenuna alijikuta anapiga makofi. Mkurugenzi alikuwa na macho, akaliona hilo upesi. Alimwita kwenye biro yake, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamweleza kuwa mtaa wetu lazima uondoke kupisha bustani. Atakayebomoa wa kwanza atachagua duka wa kwanza. Na atakayeacha mabati na milango kwa ajili ya kazi ya mradi, huyo atahesabiwa mwananchi wa kweli.

Hapo ndipo penye jambo. Kwetu mtu akihama, huhama na nyumba yake. Mabati hufungwa kamba, milango hubebwa kichwani, na matofali mazima huchaguliwa yakafuata nyuma. Ukiacha ukuta, umeacha udongo tu. Kuacha mlango ni kama kuacha mtoto barabarani. Na milango ya Kapinga haikuwa ya mchezo. Kaka yangu aliichongesha Kabalo kwa mti wa mulombwa, akaileta mmojammoja kwenye treni aliyoifanyia kazi ya breki.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, Kapinga alisimama katikati ya mtaa.

"Mama zangu, mashini isikuje kutufukuza sawa mbuzi," alisema. "Tubomoe siye wenyewe. Ile gorofa njo nyumba yetu. Milango muache, tutaikuta kule."

"Ngojea kwanza bwana yako arudi," nilimwambia. Mvua ilikuwa imekata njia ya reli, na Ilunga alikwama Kabalo.

"Wifi, weye unapenda kunivuta nyuma."

Akaanzisha wimbo, akapanda juu ya ukuta wake na kung'oa bati la kwanza. Mbele ya macho yangu walipanda na wengine. Waliosita walikuwa wachache, na wa mwisho kusita alikuwa Mama Odile, mjane wa jirani, mwanamke mpole aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja aliyeolewa Nyunzu. Alimsogelea Kapinga.

"Weye unasema kweli, mwanangu?"

"Kweli, Mama."

Basi Mama Odile akatoa mlango wake.

Ilunga alirudi treni ilipofunguliwa njia. Alipanda kutoka stesheni na mfuko wake begani, akasimama palipokuwa na kizingiti. Sisi tulikuwa tumejibanza kwangu, nje kidogo ya mipaka ya mradi, na watoto wao wote, tukatoka kumlaki. Nilitegemea matusi, na kusema kweli niliyataka, maana mimi yangu yalikuwa yamenijaa mdomoni. Kaka yangu aliuliza neno moja tu.

"Milango?"

"Imeenda mradini," Kapinga alijibu. "Tutapata duka, Papa Ilunga. La pembeni."

Kaka yangu alikaa chini palepale kwenye udongo, akavua viatu.

Mashini ilikuja, moja, ikachimba shimo likajaa maji na vyura. Mabati yetu yakawa uzio. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mkurugenzi akaitwa Kinshasa, na aliyekuja nyuma yake akatuambia kuwa mradi ungali kwenye masomo, ndiyo kusema bado unachunguzwa. Waliweka viti vinne vya simenti kwenye majani wakaviita bustani, na kila Jumamosi sisi ndio tuliofyeka. Kapinga alifyeka kuliko wote. Alipanga chumba kidogo nyuma ya stesheni ili asiwe mbali siku watakapogawa maduka.

Kaka yangu hakubishana. Alinunua kiwanja Katanika, pembeni mwa mji, akafyatua matofali siku zake za mapumziko, akaezeka, akawahamishia watoto huko. Alipomaliza alikwenda kumchukua mkewe, na mimi nikamfuata, maana nilimjua Kapinga.

"Nyumba iko," alimwambia. "Watoto wanakungoja. Twende."

Kapinga alikuwa akipanga ndagala kwenye sahani. Aliendelea kupanga.

"Na wakifungua kama siko?"

Hapo nilishindwa kujizuia. "Wafungue nini? Vyura?" nilimpigia kelele. "Unajua haikuji! Mutoto mudogo anajua haikuji!"

Akaacha samaki. Sijawahi kumwona na uso ule, wala sitaki kuuona tena.

"Mama Odile iko Nyunzu kwa mukwe wake," alisema taratibu. "Anakula nyuma ya mulango, sababu ni mwiko mukwe amuone akitafuna. Anaoga giza ikishaingia. Muntu muzima, anajificha sawa mwizi. Njo mimi nilimuambia kweli. Nikilala kwa nyumba yangu leo, watasema nilijua ni bongo."

"Hukujua," Ilunga alisema.

"Basi niache ningoje."

Nilitegemea amvute mkono. Wanaume wengine wangemvuta. Kaka yangu alichukua sahani ya ndagala, akampangia zilizobaki, akaondoka. Nilimkasirikia yeye pia njia nzima.

Tangu hapo Kapinga huenda Katanika Jumapili baada ya misa. Huvaa kitenge chake kizuri, hubeba samaki kwenye kikapu, na akifika huko husimama nje na kubisha hodi. Nyumba ya mumewe, watoto aliowazaa mwenyewe, na anabisha hodi. Mwanzoni walitoka mbio kumpokea. Siku hizi mmoja wao huitikia "karibu" kutoka ndani, akaendelea na alilokuwa akilifanya.

Jumapili iliyopita nilikuwa nao. Walimpa kiti cha wageni, wakamnawisha mikono wa kwanza. Ilunga alimuuliza habari za mjini, naye akajibu kuwa njema. Mawingu yalipoanza kukusanyika aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akasema asichelewe. Angélique, mtoto wa mwisho, alimsindikiza hadi barabarani kama tulivyomfundisha kuwasindikiza watu wazima. Alimpa mama yake mkono, akauinamia kwa heshima.

"Asante kwa kututembelea, Mama," alisema. "Karibu tena."